NGUO YA MARA MOJA: NANI ALIYETUFARADHISHIA?



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), aliyetupa vazi la kutusitiri na la kutupamba, kisha akatufahamisha kuwa lililo bora kuliko yote ni vazi la ucha Mungu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ndugu zangu Waislamu, makala hii huenda isiwafurahishe baadhi yetu, lakini kukumbushana ni wajibu. Tunataka kuzungumza juu ya nguo ya mara moja. Makusudio yetu ni ile nguo inayonunuliwa kwa ajili ya siku moja, ikavaliwa siku hiyo, ikapigwa picha, kisha ikafungiwa kabatini kwa sababu "watu wameshaiona". Sare ya harusi ni nguo ya mara moja. Abaya ya mawe ya kumeta iliyoagizwa Dubai kwa ajili ya Idi ni nguo ya mara moja. Suti ya mtoto wa miaka minne, ambayo Idi ijayo haitamwingia, nayo ni nguo ya mara moja.

Tembea Biryogo na Nyamirambo hapa Kigali, au Buyenzi kule Bujumbura, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Masiku yale ambayo Mtume (S.A.W.) alikuwa akiyahuisha kwa ibada na kuwaamsha watu wa nyumbani kwake, sisi tunayahuisha madukani. Baba anakopa. Mama anachukua nguo kwa deni kwa jirani anayeuza mitandio. Na mkesha wa Idi unapofika, kuna nyumba ambazo nguo zimeshakamilika lakini zakatul fitri haijatolewa!

Tunasema wazi: hakuna aya wala hadithi iliyotufaradhishia nguo ya mara moja. Mila hii tumejitungia wenyewe, inawaumiza maskini wetu, tena haitupendezeshi. Anayetaka kupendeza kwa kipato kidogo ana njia nyingine, nayo iko karibu zaidi na Sunna.

MZIGO UMEZIDI KUWA MZITO

Kwa miaka mingi familia nyingi za Kigali zilivaa caguwa, yaani mitumba. Hata jina lenyewe limetokana na Kiswahili chetu, "chagua", kwa kuwa mnunuzi huchagua katika rundo. Mama mwenye jicho zuri aliweza kuinua rundo zima na kutoka na sketi ya kitambaa kizito, isiyoonesha mwili, kwa bei ya kilo chache za mchele.

Mwaka 2016 serikali ya Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, kwa lengo la kukuza viwanda vya nguo vya ndani. Mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kusimamisha ruhusa ya nguo za Rwanda kuingia kwake bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Majirani zetu Kenya, Uganda na Tanzania walikuwa wamerudi nyuma, Rwanda haikurudi. Hatuandiki hapa kuihukumu siasa hiyo. Tunachosema ni kuwa ule mlango wa nguo nzuri kwa bei ndogo umekuwa mwembamba, na wakati huohuo sisi tumeongeza masharti ya kuvaa. Zamani sare ilikuwa ya ndugu wa bibi harusi. Sasa ni ya marafiki, majirani, wanafunzi wenzake na kikundi cha akina mama wa mtaa. Kuna sare ya nikaha, na kuna sare ya usiku wa hina. Mama mwenye watu wengi anaweza kuitwa harusi nne au tano kwa mwaka. Hebu mpigieni hesabu, kisha muulize mituweli ya watoto wake imelipwa kwa fedha gani.

HOJA ZINAZOTOLEWA NA MAJIBU YAKE

1. "Idi ni lazima nguo mpya."

Hapana. Lililopokewa ni kuvaa iliyo nzuri. Ibn Umar (r.a.) amepokewa kuwa alikuwa akivaa katika Idi mbili nguo iliyo bora miongoni mwa nguo zake. Miongoni mwa nguo zake, yaani alizokuwa nazo. Na kuhusu Ijumaa, imepokewa na Abu Dawud na Ibn Majah kuwa Mtume (S.A.W.) aliwahimiza wenye uwezo wawe na nguo mbili za Ijumaa mbali na nguo zao za kazi. Angalieni utaratibu huu ulivyo mwepesi: nguo za kazi, na jozi moja nzuri inayotunzwa, inayorudiwa kila wiki. Hakusema kila Ijumaa nguo yake.

Gharama iliyofaradhishwa mwisho wa Ramadhani ni zakatul fitri, pishi ya chakula kwa kila kichwa, na itoke kabla ya swala. Anayenunua viatu vya Idi na kuichelewesha zakatul fitri mpaka watu wameshaswali amekigeuza kitu chini juu.

2. "Allah ni mzuri na anapenda uzuri."

Hadithi hii ni sahihi, ameipokea Muslim, na watu wengi huikata nusu. Kisa chake ni kuwa Mtume (S.A.W.) alitahadharisha juu ya kiburi, na mtu mmoja akauliza habari ya anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri. Akajibiwa kuwa huo si ubaya, Allah anapenda uzuri, lakini kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi tusome sehemu zote mbili. Kupendeza hakukatazwi. Naam, Mtume (S.A.W.) alipomwona Malik bin Nadhla (r.a.) katika nguo duni hali ya kuwa ana mali, alimwelekeza aioneshe athari ya neema ya Allah. Uislamu haumtaki mtu awe mchafu wala mchakavu akadai ni zuhudi.

Lakini nenda katika ukumbi wa harusi ukaangalie. Aliyenunua sare anakaa mbele, anapigwa picha, sahani inamfikia mwanzo. Ambaye hakuweza kununua, huenda ni shangazi wa bibi harusi, anakaa karibu na mlango na gauni lake safi la kitenge. Hiyo ndiyo sehemu ya pili ya hadithi, kuwadharau watu. Na imepokewa pia na Abu Dawud na Ibn Majah onyo kali kwa mwenye kuvaa vazi la kutafutia umashuhuri hapa duniani, kuwa Siku ya Kiyama atavishwa vazi la udhalili. Anayetaka kutoa hoja kwa uzuri na akumbuke onyo hilo pia.

3. "Sare ni alama ya umoja na mapenzi."

Umoja unaouzwa kwa yadi una wasioweza kuununua. Kama kamati ya harusi inataka watu wapendeze pamoja katika picha, ipo njia isiyomgharimu mtu: itangazeni rangi, msitangaze kitambaa. Waambieni waalikwa, "Tutavaa kijani." Mwenye mtandio wa kijani atajitanda, mwenye kitenge cha kijani atakivaa, mwenye abaya nyeusi atafunga ushungi wa kijani. Picha itapendeza na hakuna atakayekopa. Na kama ni lazima kiwe kitambaa kimoja, basi kiwe cha pamba, cha maua madogo, cha kushonwa gauni la kwendea sokoni na kazini baada ya harusi. Tatizo ni leso za kumeta na vitambaa vya shanga ambavyo mtu hawezi kuvivaa mchana wa Jumanne.

4. "Nguo ya kuazima haisitiri maungo."

Hii ni methali ya wazee wetu, nasi tunawaheshimu. Lakini ikigongana na Sunna tutafuata kipi?

Mtume (S.A.W.) alipoamuru wanawake watoke kwenda kuswali Idi, aliulizwa juu ya mwanamke asiye na jilbabu. Hakusema abaki nyumbani. Hakusema akope anunue. Alielekeza mwenzake amvishe katika jilbabu lake. Hadithi hii ya Ummu Atiyya (r.a.) imo katika Bukhari na Muslim. Basi nguo ya kuazima imemsitiri mwanamke wa Kiislamu siku ya Idi, zama za Mtume mwenyewe!

Na kuhusu maharusi, Bukhari amepokea kuwa Bibi Aisha (r.a.) alikuwa amevaa nguo ya thamani ya dirham tano, akamweleza aliyemtembelea kuwa mtumishi wake anaona haya kuivaa nguo ile hata ndani ya nyumba. Kisha akakumbusha kuwa zama za Mtume (S.A.W.) alikuwa na nguo kama hiyo, na kila mwanamke wa Madina aliyekuwa akipambwa alituma mtu kuja kuiazima. Nguo moja, maharusi wengi. Dada zetu leo wanashona au kukodi gauni la harusi kwa mamia ya maelfu ya faranga, na mume anaanza ndoa akiwa na deni. Tunajua wote kuwa Mtume (S.A.W.) alisita kumswalia maiti aliyeacha deni, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolichukua juu yake. Lilikuwa deni la dinari tatu tu.

5. "Watoto watajisikia wanyonge mbele ya wenzao."

Mtoto hujifunza unyonge kwetu. Akimsikia mama yake anasema, "Siwezi kuvaa tena hii, nilishaivaa kwa harusi ya fulani," atajua kuwa kurudia nguo ni aibu. Mtume (S.A.W.) alipomvisha mtoto mdogo, Ummu Khalid (r.a.), nguo nyeusi yenye nakshi, alimwombea aivae mpaka ichakae. Na alimsifia kwa neno la Kihabeshi lenye maana ya "nzuri", maana mtoto huyo alikulia Uhabeshi. Hivyo ndivyo mtoto anavyofurahishwa: kwa kusifiwa, na kwa dua ya nguo kudumu. Ameipokea Bukhari.

KUPENDEZA KWA NGUO CHACHE

Sasa tuje katika vitendo, maana kukosoa bila ya kuelekeza hakutoshi.

Kwanza, tubadilishe namna ya kuhesabu bei. Tuseme abaya ya mawe imenunuliwa kwa faranga 60,000 ikavaliwa mara mbili. Kila kuivaa kumekugharimu 30,000. Tuseme juba la kawaida, jeusi lisilo na mapambo, limeshonwa kwa 20,000 likavaliwa mara mia. Kila kuvaa ni faranga 200. Ipi ni ghali? Kabla hujatoa fedha jiulize: nitaivaa wapi Jumatatu?

Pili, nguo ziingiliane. Mwanafunzi wa chuo anayetegemea posho ya masomo hahitaji kabati lililojaa. Awe na sketi mbili ndefu, moja nyeusi na moja ya bluu iliyoiva. Awe na blauzi tatu ndefu za kufika magotini, za rangi zinazokubaliana na sketi zote mbili. Awe na mitandio minne. Sketi mbili kwa blauzi tatu ni mavazi sita, na kwa mitandio minne ni ishirini na nne. Aongeze juba moja na sweta moja, maana jioni za Kigali zina baridi na mvua za masika hazina huruma. Hapo anaweza kwenda darasani, msikitini, kumjulia hali mgonjwa na hata harusini, na hakuna siku atakayoonekana mchakavu. Siri ni kuwa nguo kubwa ziwe za rangi moja, na maua yaachiwe mtandio, kwa sababu mtandio ndio wa bei ndogo na ndio unaotazamwa kwanza.

Kijana wa kiume naye asidhani ameachwa nje. Suruali mbili za kitambaa zisizobana, mashati matatu, kanzu moja nyeupe na kofia safi zinamtosha. Nguo nyeupe imependekezwa katika Sunna, na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi haijawahi kupitwa na wakati. Wapo vijana wetu wanaowalaumu dada zao kwa abaya, na miguuni wamevaa raba za bei ya karo ya muhula mzima!

Tatu, tumtumie fundi cherehani. Pale soko la Kimironko vitambaa na mafundi viko pamoja. Pisi ya kitenge ni yadi sita. Mama akiagiza gauni la wazi lisilo na mikunjo mingi, kinaweza kubaki kitambaa cha gauni la binti mdogo, na hiyo ndiyo sare nzuri kuliko zote. Mwambie fundi akuachie upindo mrefu chini na nafasi ubavuni, ili nguo ya mtoto ifumuliwe na kurefushwa mwaka ujao. Kitenge cha pamba kilowekwe na kufuliwa kabla ya kukatwa, kwani kinaweza kurudi. Na abaya iliyochanika pindo haijafa: ikikatwa inakuwa koti refu la kuvaa juu ya gauni, au juba la binti.

Nne, tujue kuchagua. Kabla ya kununua inua kitambaa kwenye mwanga. Ukiona mkono wako upande wa pili, basi utahitaji nguo nyingine ndani, na bei imeshapanda. Vuta mshono kidogo uone kama nyuzi zinaachia. Kunja kitambaa mkononi ukiachie. Kikibaki na makunyanzi, ujue utakuwa mtumwa wa pasi. Kitambaa cha nailoni kinachong'aa hushika joto na jasho, na mwanafunzi anayepanda vilima vyetu kwa miguu atajuta.

Tano, tutunze. Nguo nyeusi igeuzwe ndani nje, ifuliwe kwa maji baridi na ianikwe kivulini, kwa sababu jua ndilo linaloigeuza kuwa ya kahawia. Kifungo kilichotoka kirudishwe siku hiyohiyo. Nguo safi, iliyopigwa pasi, inayomkaa mtu vizuri bila kumbana, hupendeza kuliko ya ghali iliyokunjamana. Mwenye sindano na uzi nyumbani ameshapata nusu ya mtindo.

TUNAYOYATAKA

Kwa kamati za harusi: acheni kuuza sare. Tangazeni rangi. Na aliyekuja na nguo yake safi akae popote apendapo.

Kwa akina baba: msijifiche nyuma ya wake zenu. Wengi wetu tunalalamika juu ya matumizi ya wanawake, lakini mke akivaa gauni la mwaka jana tunaona tumeaibishwa mbele ya rafiki zetu. Allah (S.W.) katika Suratul Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake kuwa wakitoa hawafanyi israfu wala hawafanyi uchoyo, bali wako katikati. Katikati hiyo ianzie kwetu.

Kwa akina mama na vikundi vyenu: mna michango ya kila wiki, mna umoja ambao sisi wanaume hatuna. Anzisheni sanduku la nguo la mtaa. Yale magauni ya harusi yaliyolala kabatini yatoeni, yafuliwe, yaazimwe kwa maharusi wasio na uwezo, kama nguo ya Bibi Aisha (r.a.) ilivyokuwa ikiazimwa Madina. Nguo za watoto zilizowabana ziende kwa watoto wadogo kabla ya Idi, zikiwa safi na zimepigwa pasi, siyo matambara.

Kwa maimamu na walimu wa madrasa: hotuba moja ya Ijumaa kabla ya kumi la mwisho izungumzie jambo hili. Na ninyi wenyewe mje na kanzu ile ile ya mwaka jana, iliyo safi, ili watu waone.

Kwa wanafunzi: msione haya kuonekana na nguo ile ile katika picha mbili. Anayehesabu nguo zako hatakulipia karo.

Ndugu zangu, hatusemi halali iharimishwe. Katika Suratul A'raf Allah (S.W.) ametuamuru tuchukue mapambo yetu kila tunapokwenda kuswali, na hapohapo akatukataza israfu. Kisha akawakemea wanaoharimisha mapambo aliyowatolea waja wake. Mwenye uwezo na anunue, avae kwa shukrani, arudie, aazime, atoe. Tunachokataa ni kumlazimisha asiye na uwezo aufuate mtindo wa mwenye uwezo, kisha tukauita ulazima huo dini au mapenzi.

Idi ijayo, kabla ya kwenda dukani, fungua kabati. Toa ile nguo nzuri uliyoivaa mara moja. Ipige pasi, iwekee mtandio mwingine, uende nayo uwanjani kuswali ukiwa umeshatoa zakatul fitri na hudaiwi na mtu. Na kama kabatini mna mbili, mkumbuke jirani asiye na jilbabu.

Tunamwomba Allah (S.W.) atupambe kwa vazi la ucha Mungu, atuepushe na deni na kiburi, na azifanye nguo zetu kuwa sitara yetu duniani na Akhera. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.